Hewa Chini ya Visigino

Msichana amefika katikati ya Mnara wa Fischer, akakwama. Si kwamba amekosa pa kushika. Hata sisi tulio chini tunaona kuwa mkono wake wa kulia umezama vizuri kwenye ufa, na mguu wa kushoto umekanyaga kidato cha mwamba chenye upana wa vidole viwili, nacho chatosha. Kilichomkwamisha ni macho yake: ametazama chini. Kati ya visigino vyake na ardhi hapana kichaka, hapana mteremko, hapana hata jiwe lililochomoza la kuyapokea macho yakapumzika. Ni hewa tupu, na mwisho wa hewa hiyo ndio sisi, tuliolaza baiskeli kwenye vumbi la hifadhi ya Hell's Gate, Kenya, tumeinua videvu na kukinga jua kwa viganja. Goti lake linaanza kucheza lenyewe. Kijana anayemshikia kamba hasemi kitu. Ameinua uso tu, mikono yote miwili ikiwa kwenye kamba. Pembeni pimbi wawili walikuwa wamejianika juu ya jiwe, na sasa mmoja wao, kwa dharau isiyo kifani, anaupanda mwamba ule ule kwa kukimbia, bila kamba, bila viatu, bila mtazamaji wa kumshangilia.

Mnara wenyewe si mrefu. Una mita 25 hivi, na nyuma yake kuna magenge marefu zaidi ambako tumbusi hujenga viota vyao. Lakini umesimama peke yake kwenye uwanda, na upweke huo humwongezea mtu kimo. Hapa zamani palikuwa na koo la volkano. Lava ilipanda, ikaganda humo humo kooni, kisha mvua na upepo vikala taratibu majivu na udongo laini uliokuwa umeizunguka, bandu bandu, mpaka ukabaki mhimili huu mmoja mgumu. Ni jiwe lililopata kuonekana kwa sababu vyote vilivyokuwa vikilikumbatia vimeondoka. Wamaasai wana habari nyingine, nami siioni kuwa inagombana na ile ya kwanza. Wanasimulia kuwa huyu alikuwa binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa. Aliaswa asigeuke nyuma. Akageuka, kwa kutamani kulitazama boma la kwao kwa mara ya mwisho, akawa jiwe pale pale. Kila nikisikia simulizi hii nashangaa jinsi ilivyokaa mahali pake, maana juu ya jiwe hili hili mara kwa mara mtu hutazama alikotoka, akawa jiwe kwa dakika tatu nne. Jina la Kizungu lilikuja na Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika huku mwaka 1883 na msafara ulioanzia Pangani. Wamaasai wakamzuia, akarudi. Kwa hiyo mnara una habari za watu wawili waliogeuka nyuma, mmoja kwa kuangalia na mwingine kwa kwenda zake. Wapagazi waliombebea mizigo hadi hapa hawakuachiwa jina hata kwenye kokoto.

Najiuliza swali la kitoto: hewa ile ina kosa gani? Chukua kidato kile kile cha vidole viwili, ukishushe hadi nusu mita kutoka ardhini. Msichana yule yule atakisimamia huku akijibu simu. Mwamba haujabadilika, soli ya kiatu haijabadilika, uzito wake haujaongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni kitu kisichoshikika, kisicho na rangi, ambacho tangu asubuhi amekuwa akikivuta puani bila kukiogopa. Ibn Sina, yule tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, alilitafakari jambo hili alipokuwa akiandika kuhusu nafsi. Ubao ukilazwa njiani, mtu huupita bila kufikiri, hata kwa mbio. Ubao huo huo ukitandazwa kama daraja juu ya korongo, mtu huyo huyo ataupita kwa kutambaa, kama ataupita. Kwake Ibn Sina hii ilikuwa dalili kwamba nafsi huuamrisha mwili kwa picha tupu: mtu akijichorea moyoni sura ya kuanguka, na sura hiyo ikapata nguvu, viungo vyake vitaitii. Imamu Ghazali naye aliurudia mfano wa namna hiyo alipokuwa akizichambua hoja za wanafalsafa. Wazee hawa wawili, waliotofautiana katika mambo makubwa mno, walikutana juu ya kipande kimoja cha mti. Nadhani wote wawili waliwahi kupita mahali pabaya kwa miguu yao wenyewe. Mfano kama huo haupatikani kwa kukaa maktabani.

Hata hivyo mwamba una jambo ambalo ule ubao hauna, nalo ndilo linalonirudisha kuutazama. Katika mchezo huu wa kukwea kwa bolti, mkweaji hajivuti kwa kamba. Anapanda kwa mikono na miguu yake, kamba inamfuata. Ukuta umekwisha kutobolewa, na kila baada ya mita mbili tatu imekazwa bolti yenye kipande cha chuma kilicho na tundu. Akiifikia, anapachika karabina, pete ya chuma yenye mlango mdogo wa springi, kisha anaingiza kamba ndani yake, na mlango huo unalia ka! Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba pumzi yake hutoka pamoja na mlio huo. Sekunde mbaya kuliko zote ni zile zinazoutangulia: mkono mmoja umeachia ukuta, umevuta kamba kutoka kiunoni na kuipandisha juu ya kichwa, kamba imelegea, vidole vya mkono uliobaki vinaanza kuona moto. Akiteleza hapo ataanguka mbali zaidi kuliko ambavyo angeanguka kabla hajaanza kujilinda. Ni hesabu ya kuchekesha kidogo, kwamba mtu yuko hatarini zaidi katika ule ukarimu anaojifanyia mwenyewe. Lakini aanguke tu. Viwango vya Ulaya vinataka bolti ihimili nguvu ya kilonyutoni 25 ikivutwa kuelekea chini, ambayo ni sawa na uzito wa tani mbili na nusu. Kamba nayo imesukwa kwa nailoni inayovutika; katika anguko la kwanza la majaribio inaruhusiwa kunyooka hadi asilimia 40, ili mtu apokelewe, asikatwe kiuno. Na ukuta ukiwa umeinamia nje, huyo aliyeanguka hagusi kitu, kwa sababu hapana cha kugusa. Ananing'inia akibembea, anacheka kwa aibu, anapangusa chaki kwenye suruali. Ukuta unaovunja vifundo vya miguu ni ule uliolala, wenye vingazi na vichaka na vibaraza vya kupumzikia, ule unaotazamika kwa upole, kwani anayeanguka pale hukutana na baraza kabla kamba haijamdaka. Utupu unaomtoa msichana jasho ndio godoro lake.

Kusini-mashariki mwa Ufaransa liko korongo la mto Verdon, ambalo kina chake mahali pengine hufikia mita 700. Kuta zake ni za mawe ya chokaa, nyeupe na kijivu, na barabara inapita juu kabisa ukingoni. François Guillot na Joël Coqueugniot waliufungua ukuta wake maarufu, Escalès, mwaka 1968, kwa kupanda kutoka chini kama watu wote walivyokuwa wakifanya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vijana waliona njia nyingine: kwa nini tuanzie chini? Wakafunga kamba juu, wakajiteremsha katikati ya ukuta mtupu, wakatoboa na kukaza bolti mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika kwa miguu, kisha wakakwea kurudi barabarani. Hebu fikiria mambo yalivyopinduka. Mlima wa kawaida humzoesha mtu taratibu. Ardhi humwaga hatua kwa hatua, na hofu hukua pamoja na misuli. Kule Verdon unashuka kutoka kwenye gari, unapita kwenye uzio, unarudi kinyumenyume, na hatua ya kwanza tu una mamia ya mita chini ya visigino. Hakuna utangulizi. Baadhi ya wanaojaribu hupandishwa tena barabarani hata kabla ya kuugusa mwamba, nami sioni aibu yoyote ndani yake. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tangu mwaka 1999, tumbusi waliokuwa wametoweka kule walirudishwa, na siku hizi hupita usawa wa mabega ya wakweaji, wakigeuza shingo kuwatazama. Tumbusi hana haja ya kuuliza hewa ina kosa gani.

Aliyeufanya ukuta huo ujulikane hadi sebuleni mwa Wafaransa alikuwa Patrick Edlinger, kijana wa nywele ndefu aliyeonekana kwenye filamu za miaka ya 1980 akipanda magenge kwa utulivu wa mtu anayetembea bustanini, mara nyingine bila kamba kabisa. Alihamia La Palud-sur-Verdon, kijiji kilicho jirani na korongo. Alifariki mwaka 2012, si korongoni, bali nyumbani kwake, kwa ajali ya kuanguka. Naandika hili kwa heshima, wala sitaki kulitengenezea kitendawili. Ninachokiona ni kwamba utupu ule mkubwa aliutazama kila siku ya ujana wake naye akaujua. Anguko lenyewe lilikuwa mahali ambapo hakuna mtu anayekunja uso. Mwenzake wa zama hizo, Mmarekani Lynn Hill, alikuwa Buoux, huko huko Ufaransa, mwaka 1989. Alikuwa akivaa mkanda wake, akapitisha kamba, akaanza kufunga fundo, akakatizwa na jambo dogo, akaenda kufunga viatu. Akapanda njia ambayo kwake ilikuwa ya kupasha misuli moto. Alipofika juu akaegemea nyuma ili ashushwe, fundo ambalo hakulimaliza likafunguka, akaporomoka zaidi ya mita 20. Mti ulimpokea, akasalimika na majeraha. Miaka minne baadaye, 1993, alikuwa mtu wa kwanza kuupanda wote kwa mikono na miguu ule ukuta unaoitwa The Nose, juu ya El Capitan kule California, ambao wengi waliamini haupandiki hivyo. Kamba hukatikia pabovu, walisema wahenga, na pabovu si lazima pawe juu. Pabovu pa siku ile palikuwa pale ambapo mkweaji alikuwa bado amesimama ardhini, akizungumza.

Kwa hiyo hofu yetu ni mlinzi mwaminifu aliyewekwa kwenye lango lisilo lenyewe. Anabweka mbele ya upana wa hewa, anasinzia mbele ya fundo. Wala simlaumu, kwa kuwa aliajiriwa zamani sana, kabla hapajakuwa na nailoni wala bolti. Mwaka 1960 wanasaikolojia Eleanor Gibson na Richard Walk walieleza jinsi walivyotengeneza genge la uongo: meza yenye kioo kizito, upande mmoja kitambaa cha mirabamiraba kikiwa kimegusana na kioo, upande wa pili kikiwa chini sana, ili ionekane kana kwamba sakafu imekatika. Wakawaweka watoto 36 wenye umri wa miezi 6 hadi 14, mmoja mmoja, na mama akaita kutoka ng'ambo. Watatu tu ndio waliotambaa juu ya ule upande wa kina. Baadhi ya wengine walipapasa kioo kwa viganja, wakakiona kigumu, wakaamini macho badala ya viganja. Hapo tayari yuko msichana wetu wa mnarani, mkono ukimwambia pagumu na jicho likimwambia hapana kitu.

Lakini jaribio ninalolipenda ni jingine, lililochapishwa mwaka 1985. Safari hii kile kina kilipunguzwa hadi sentimita 30 hivi, kikawa cha kutia shaka tu, si cha kutisha. Watoto wa mwaka mmoja walitambaa hadi ukingoni, wakasita, wakafanya kitu ambacho kila aliyelea mtoto amekiona: wakainua macho kumtazama mama usoni. Mama aliyeagizwa kutabasamu, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama aliyeagizwa kuonyesha uso wa hofu, hakuvuka hata mmoja kati ya 17. Kioo ni kile kile, kina ni kile kile, na tofauti yote imo katika uso wa mtu aliyeko upande wa pili.

Tunayo methali ambayo tumeizoea kuitumia kwa kinyongo: aliye juu mngoje chini. Tunamwambia mwenye cheo, tunamwambia jirani aliyenunua gari, tukimaanisha kuwa siku ya kuanguka kwake tutakuwa tumekaa kitako tukimsubiri. Chini ya ukuta methali hiyo ina mtu wa kuitimiza kwa wema. Mshika kamba kazi yake yote ni kumngoja aliye juu. Hali, hasomi ujumbe, hapigi soga. Anatoa kamba kidogo, anairudisha kidogo, shingo inamuuma. Anasoma mwili wa mwenzake kutoka nyuma na kutoka chini, na anajua kabla ya mwenyewe kuwa atateleza, kwa jinsi kisigino kilivyoanza kupanda. Huyo kijana wa Hell's Gate, msichana alipokwama, alinyamaza kwa muda ambao sisi wapanda baiskeli tuliuona mrefu kupita kiasi. Mmoja wetu alikwisha kuanza kupiga kelele za kutia moyo, zile za uwanja wa mpira, ambazo hazimsaidii mtu. Kisha msichana akageuza uso kuelekea chini, si kuitazama ardhi sasa, bali kumtafuta yeye. "Nimekushika, dada," kijana akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kaa kwenye kamba upumzike." Akakaa. Akaona kwamba kamba inamchukua, na kwamba hewa, ukiikalia, haina neno. Baadaye alimaliza, ingawa hilo si jambo kubwa; hata angeshushwa pale pale, jambo lilikuwa limekwisha kutokea.

Mtu wa pwani, bila shaka, atauliza haya yote ni ya nini. Mkwezi wa minazi hupanda shina la mita 20 na ushei, pekupeku, panga likiwa kiunoni, upepo wa kusi ukiuyumbisha mti mzima, naye akifika juu ana kazi ya kufanya. Chini hakuna anayemshikia kamba, na uso unaomtazama ni wa mwenye shamba anayehesabu nazi. Hilo ni kweli, na mimi sijasikia mkwezi akiitwa mwanamichezo. Lakini mtazame anapoweka mguu. Shina la mnazi wa siku nyingi limechongwa vidato, na kila kidato kilichongwa na mkono wa mkwezi mwingine, pengine aliyekwisha kufa kabla huyu hajazaliwa. Kila asubuhi anaukabidhi uzito wake wote kwa uaminifu wa fundi asiyemjua.

Ndivyo ilivyo kwa ukuta wenye bolti. Mtu fulani alining'inia pale kutwa nzima, drili ikimtetemesha mabega, unga wa mwamba ukimwingia machoni. Alitoboa, akapuliza vumbi mpaka likaisha tunduni, maana likibaki, gundi ya kushikiza bolti hukamata vumbi badala ya mwamba; akagonga kwa nyundo pembeni asikilize, kwa kuwa mwamba mzima unalia na mwamba uliopasuka kwa ndani hutoa sauti ya kopo tupu; akihama sentimita chache kushoto ni kwa sababu ya sauti hiyo, na wewe unayepita baadaye utalalamika kuwa bolti imekaa mbali na mkono. Wala kazi yake haidumu milele. Kule Railay, Thailand, magenge ya chokaa yamesimama kando ya bahari, na bolti za chuma kinachosemwa hakishiki kutu zilianza kupasuka ndani kwa ndani kwa chumvi na joto, bila kutoa dalili kubwa kwa nje, zingine zikakatika. Mwenyeji yeyote wa Mombasa au Bagamoyo aliyewahi kununua mabati angewaonya. Ikabidi waanze upya kwa titani, ambayo ni ghali, tundu kwa tundu, ukuta kwa ukuta, na wengi wa waliofanya hivyo walikuwa watu wa kujitolea.

Vitabu vya wakweaji humtaja aliyeipanda njia kwanza, na wakati mwingine hutaja hata hali ya hewa ya siku hiyo. Aliyetoboa hutajwa kwa herufi ndogo, kama hutajwa. Aliyekuja miaka 20 baadaye kuing'oa bolti iliyochoka na kukaza mpya hana mstari. Mimi ningependa majina yao yapakwe rangi chini kabisa ya ukuta, pale watu wanapokaa kuvaa viatu na kufunga mafundo, ili macho yao yawe na cha kusoma wakishamaliza fundo, kabla hawajaanza kupanda.